Chuma cha nyuzi 200 kinapandisha maji nyuzi 4 tu? Naomba kueleweshwa spesifiki hiti

Mwanaigombe

Wakuu habari za jioni, wakubwa shikamooni. Niko Mwanza huku Igombe, narudia mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea na fizikia ndo somo ninalolitaka kuliko yote. Mchana niko mwaloni na mama tunaanika dagaa, usiku ndo nashika daftari, kwa hiyo sina mwalimu wa kumfuata kila siku, nategemea notsi za watu na nyie humu.

Nimekwama kwenye joto, hasa hii spesifiki hiti kapasiti. Fomula ninayo kichwani, joto Q ni sawa na uzito m mara spesifiki hiti c mara badiliko la jotoridi, ukiniamsha usiku nakutajia, ila nikipewa swali naona kama nabahatisha tu. Swali lenyewe hili hapa: kipande cha chuma cha gramu 500 kimepashwa mpaka nyuzi 200 kikatumbukizwa kwenye maji kilo 2 yenye nyuzi 25, tafuta jotoridi la mwisho. c ya chuma wamesema 460, ya maji 4,200.

Nilianza kwa akili ya kawaida, huyu ana 200 yule ana 25, wakikutana watagawana, nikajumlisha nikagawa kwa mbili nikapata 112.5. Nikaona hapana, maji gani hayo ya nyuzi 112 kwenye beseni la wazi. Nikarudi kwenye fomula nikapiga 500 × 460 × 200 ikaja 46,000,000 nikabaki naiangalia sijui niipeleke wapi. Nyuma ya kitabu wameandika jibu ni 29.7. Yani chuma kimetoka kwenye moto kina nyuzi 200, kimeingia kwenye maji, na maji yamepanda nyuzi nne na pointi basi? Hilo limeninyima usingizi siku mbili, nahisi kuna kitu cha chini kabisa sijakishika.

Na kingine, hapa kwetu saa saba mchana jiwe hulikanyagi peku, mchanga tunaoanikia unaunguza, lakini ukiingia ziwani hatua mbili tu maji ni ya baridi na jua ni lile lile. Usiku wa manane inageuka, jiwe limepoa kabisa ila maji ukitia mkono unasikia uvuguvugu. Hiyo nayo ni spesifiki hiti au kuna jambo lingine? Naombeni mnieleweshe taratibu, msiniandikie jibu maana jibu ninalo.

Busweluboy

Mkuu kosa la kwanza ni gramu. Hiyo 460 ni juli (kipimo cha joto) kwa kila KILO kwa kila nyuzi moja, kwa hiyo chuma chako ni 0.5 sio 500. Kosa la pili umezidisha kwa 200, unatakiwa uzidishe kwa nyuzi kilizoshuka, yaani 200 toa jotoridi la mwisho ambalo ndo hulijui, liite T. Ukiweka hivyo itakaa sawa.

Na la jiwe na ziwa ni spesifiki hiti hiyo hiyo, maji 4,200 jiwe kama 800, maji yanahitaji joto mara tano zaidi ndo maana yanabaki baridi.

Mwalimu_Nyakato

Marahaba mdogo wangu. Busweluboy amekuonyesha makosa mawili na yote ni kweli, ila wewe umeomba cha chini kabisa na nimefurahi umeomba hivyo, maana wanafunzi wengi wanafaulu swali hili bila kulielewa alafu mwaka unaofuata limeshapotea.

Anza na hili, joto na jotoridi ni vitu viwili. Kikombe cha chai kina nyuzi 80, pipa la maji liko juani lina nyuzi 30. Jotoridi la kikombe liko juu, ila ukiuliza nani amebeba joto jingi zaidi ya lile la maji ya kawaida ya nyuzi 25, ni pipa. Kikombe cha robo lita kimepanda nyuzi 55, hiyo ni 0.25 × 4,200 × 55, juli 57,750. Pipa la lita 200 limepanda nyuzi 5 tu, lakini 200 × 4,200 × 5 ni juli 4,200,000. Kipimajoto kinakwambia kitu kimefika nyuzi ngapi, hakikwambii kimemeza kiasi gani kufika hapo.

Sasa c ndo inayokwambia kimemeza kiasi gani. Mimi darasani huwa naiita bei ya nyuzi moja. Ukitaka kupandisha kilo moja ya kitu fulani kwa nyuzi moja, unalipa juli ngapi? Shaba nyekundu unalipa kama 390, chuma 460, alumini 900, mafuta ya kupikia yanazunguka kwenye 2,000, maji 4,200. Kwa vitu tunavyovishika kila siku maji ndo ghali karibu kuliko vyote, na bei hiyo hiyo ndo yanayokurudishia yakipoa. Kwa Kiswahili cha vitabuni utakuta wameiita joto mahususi, usichanganyikiwe ni kitu kile kile.

Rudi kwenye swali lako na kwa sasa isahau kidogo aljebra. Chuma chako ni nusu kilo, 0.5 × 460 ni 230. Maana yake kila nyuzi moja kinachoshuka kinatoa juli 230. Maji yako ni kilo 2, 2 × 4,200 ni 8,400, kila nyuzi moja yanayotaka kupanda yanadai juli 8,400. Gawa 8,400 kwa 230 unapata 36.5. Kwa hiyo ili maji yapande nyuzi MOJA, chuma lazima kishuke nyuzi 36 na nusu. Hebu soma tena sentensi hiyo. Kati ya 25 na 200 kuna nyuzi 175 za kugawana, na wanagawana kwa uwiano wa 1 kwa 36.5, sio nusu kwa nusu. 175 gawa kwa 37.5 ni 4.67. Maji yanapanda nyuzi 4.7 yanafika 29.7, chuma kinashuka zote zilizobaki kinafika pale pale. Jibu la kitabu hilo hapo na hujaandika T hata moja.

Ukiwa kwenye chumba cha mtihani andika kwa njia rasmi, joto lililotolewa na chuma ni sawa na joto lililopokelewa na maji:

0.5 × 460 × (200 − T) = 2 × 4,200 × (T − 25)

46,000 − 230T = 8,400T − 210,000

256,000 = 8,630T, T = 29.7

Alafu jikague, chuma kimetoa 230 × 170.3 ni kama 39,200, maji yamepokea 8,400 × 4.66 nayo ni kama 39,200. Zikipishana sana ujue kuna mahali umeteleza. Na usiongeze 273 kwenye tofauti, nimeona wengi wanaiongeza wakidhani kelvini inadai hivyo, nyuzi moja ya selsiasi na kelvini moja zina upana mmoja kwa hiyo tofauti ya nyuzi 10 ni kelvini 10 basi.

Hilo la kugawana katikati wala usilionee aibu. Karne ya 18 huko Glasgow, Uskoti, Joseph Black alikaa na jambo hilo hilo, zebaki ya moto na maji ya baridi zikichanganywa hazikutani katikati, maji yanashinda, na yeye ndo akaona kwamba kila kitu kina uwezo wake wa kubeba joto. Kugawana katikati kunatokea pale tu pande zote mbili zikiwa sawa, mfano lita moja ya maji ya moto na lita moja ya maji ya baridi.

Mwanaigombe

Mwalimu asante sana, Mungu akubariki. Hiyo ya nyuzi moja kwa nyuzi 36 na nusu imenifungua kabisa, nimekaa hapa kwenye mwamba nimeirudia mpaka mama kaniuliza naongea na nani.

Nimejaribu swali lingine mwenyewe naomba mnikague. Sufuria ya alumini gramu 800 ina maji lita 3, yanatoka nyuzi 25 mpaka 100, joto linalohitajika ni ngapi. Nimefanya 3 × 4,200 × 75 nimepata 945,000. Niko sahihi?

Busweluboy

Umesahau sufuria mkuu. Nayo inapanda kutoka 25 mpaka 100, haiwezi kubaki ya baridi wakati maji yanachemka ndani yake. Ongeza 0.8 × 900 × 75 ambayo ni 54,000. Jumla 999,000. Kwenye mtihani wakitaja uzito wa chombo na c yake jua wanataka ukiweke, wakikaa kimya au wakisema chombo hakipokei joto ndo unakiacha.

Fundi_Hita

Dogo nikupe na upande wa mtaani. Hita ya wati 1,500 maana yake inatoa juli 1,500 kila sekunde. 999,000 gawa kwa 1,500 ni sekunde 666, dakika kumi na moja. Ukipima nyumbani kwa saa utaona inachukua zaidi ya hapo, dakika kadhaa za ziada, maana kuna joto linatoka pembeni na juu kama hujafunika. Na uniti moja ya umeme wa LUKU ni juli 3,600,000, kwa hiyo kuchemsha hizo lita tatu umekula kama 0.28, zaidi kidogo ya robo uniti. Funika sufuria, hiyo ndo naona watu wanapoteza umeme bure.

Ila kwa Mwanza maji hayafiki 100. Ziwa lenyewe liko kama mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, hewa inakandamiza kidogo kuliko Dar, maji yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi. Nimewahi kurudisha dukani themometa mbili nikidhani mbovu kumbe zilikuwa zinasema kweli. Kwa hiyo ukitumia 71 badala ya 75 utapata 945,720. Lakini kwenye pepa andika walichokupa.

Mama_Ntilie_Kirumba

Wanangu hamjambo. Mimi shule niliishia la saba ila nasoma haya maneno yenu nayafuatilia kabisa. Nina swali. Maharage yakishachemka mimi huwa naongeza moto ili yaive haraka, na naona maji yanakauka haraka naongeza mengine. Kwa hii hesabu yenu ya nyuzi, moto mkubwa unapandisha nyuzi au haupandishi?

Mwalimu_Nyakato

Shikamoo mama. Haupandishi. Maji yakishachemka yanagoma hapo hapo kwenye 96, uweke mkaa kiasi gani hayasogei kama sufuria haijafungwa kwa mgandamizo. Joto lote la ziada linaenda kwenye kazi nyingine, kuyageuza maji kuwa mvuke, na kazi hiyo ni ghali mno. Kilo moja ya maji kuitoa nyuzi 25 mpaka 96 unatumia 4,200 × 71, juli 298,200. Hiyo hiyo kilo moja kuikausha yote iwe mvuke unatumia kama juli 2,260,000, zaidi ya mara saba. Kwa hiyo yakishachemka punguza moto yabaki yanatokota tu na ufunike, maharage yanaiva kwa nyuzi zile zile 96 na mkaa utaona unabaki. Ukitumia sufuria ya presha ndo nyuzi zinapanda kweli, ndo maana maharage yanaiva upesi humo.

Na Mwanaigombe angalia hapo, kwenye kuchemka hakuna badiliko la jotoridi kwa hiyo fomula ya m c haifanyi kazi, unaingia joto fiche, yaani joto la kugeuza hali bila kupandisha nyuzi, Q ni m mara L, L ikiwa joto fiche la kilo moja. Swali likikupeleka kutoka barafu mpaka mvuke unakata vipande, kila kipande kina hesabu yake.

Mama_Ntilie_Kirumba

Marahaba mwanangu. Kesho najaribu na gunia la mkaa nitalipigia hesabu.

Mkusanya_Sangara

Hilo la joto fiche ndo linaloniweka mjini. Sisi tunakusanya sangara visiwani huko Ukerewe tunaleta Mwanza, na bila barafu hakuna biashara. Nilipigiwa hesabu na jamaa mmoja wa kiwandani nikaiandika sijaisahau. Samaki kwa kuwa mwili wake mwingi ni maji, joto mahususi lake linakaribia 3,600. Ukiwa na kilo 100 za sangara wa nyuzi 25 ukataka kuwashusha mpaka sifuri, unatakiwa kuwatoa juli 100 × 3,600 × 25, milioni tisa. Kilo moja ya barafu ikiyeyuka inabeba juli kama 334,000. Gawa, unapata kilo 27 za barafu.

Mtu akisikia 27 anabeba 27 alafu anafika samaki wamelegea. Hiyo 27 ni ya kuwapoza tu, haijahesabu kasha linalopigwa na jua kutwa nzima, mbao zinazovuja joto, na kila mkifunua kifuniko. Safari ndefu tunaenda kilo kwa kilo, barafu sawa na samaki, na hata hapo kasha likiwa bovu unaumia. Mwanzoni nilibeba maji baridi sana kwenye madumu nikidhani nitaokoa hela ya barafu. Piga hesabu mwenyewe, kilo ya maji ya nyuzi sifuri ikipanda mpaka kumi imebeba 42,000 tu, barafu inabeba mara nane ya hiyo na bado iko sifuri. Hasara niliyopata siku ile sitaki kuikumbuka.

Jabali_la_Sengerema

Naomba nirudi kwenye swali la jiwe na ziwa maana naona limepitwa juu juu na mimi mawe ndo kazi yangu. Busweluboy amesema ni spesifiki hiti, maji mara tano ya jiwe, kwisha. Ni kweli ila ni nusu ya ukweli.

Hiyo mara tano ni kwa kilo. Lakini jua halipigi kilo, linapiga eneo. Mawe yetu haya ya Mwanza ni granaiti, mita moja ya ujazo ina uzito kama kilo 2,700, ya maji ni 1,000. Ukichukua ujazo sawa, jiwe ni 2,700 × 800, kama milioni 2.2 kwa nyuzi moja, maji ni milioni 4.2. Yani kwa ujazo maji yanazidi jiwe mara mbili tu, sio tano. Mara mbili haitoshi kueleza kwa nini jiwe linakuunguza unyayo na maji ni baridi.

Kinachobaki ni kina. Jua la saa saba likiwa kali linaleta kama juli 1,000 kila sekunde kwenye mita moja ya mraba, kwa saa nzima ni milioni 3.6. Kwenye jiwe mwanga unaishia juu pale pale kwenye ngozi yake, na joto linashuka chini polepole sana, tuseme saa hiyo moja limepasha sentimita 10 za juu. Hizo ni kilo 270, zidisha 800, juli 216,000 kwa nyuzi moja. 3,600,000 gawa kwa 216,000 ni karibu nyuzi 17! Jumlisha na zilizokuwepo asubuhi utaelewa kwa nini mnaruka ruka. Kwa kweli haifiki zote maana jiwe nalo linarudisha joto hewani, ila picha ndo hiyo.

Ziwani mwanga unazama ndani, na mawimbi yanachanganya ya juu na ya chini. Chukua mita moja tu ya kina, kilo 1,000, juli 4,200,000 kwa nyuzi moja. Saa nzima ya jua kali haijafikisha hata nyuzi moja. Na bado maji ya juu yanageuka mvuke muda wote na kila kilo inayoondoka inaondoka na zile juli milioni mbili na zaidi alizosema mwalimu. Kwa hiyo sababu ziko tatu au nne zimeshikana, joto mahususi ni mojawapo na ni kubwa, ila mtihani ukikuuliza eleza na hizo nyingine.

Busweluboy

Hapo nimekubali mkuu, nilikuwa najibu kama tulivyokaririshwa. Sikuwahi kufikiria kwa ujazo.

Taa_ya_Dagaa

Mimi nalala ziwani kuliko nyumbani nawaongezea la upepo. Mchana upepo unatoka ziwani unaingia nchi kavu, nchi imepata moto hewa yake inapanda ya ziwani inakuja kujaza. Usiku nchi imepoa, ziwa limebaki na joto lake, upepo unageuka unatoka nchi kavu unaingia ziwani. Sisi wa dagaa tunatoka giza likiingia na taa zetu, ule upepo wa nchi kavu unatusindikiza, na kurudi asubuhi tunausubiri wa ziwani. Wazee walikuwa wanalijua hili kabla ya kitabu.

Na ndo sababu Victoria mvua za radi zinapenda usiku, upepo unaingia kutoka pande zote za ziwa unakutana huko katikati, hewa ya uvuguvugu yenye unyevu inapanda, kufika saa nane saa tisa usiku mawingu yamesimama kama ukuta. Dogo ukilisoma hili swali lako usilione la daftari tu, watu wanapotea ziwani kwa ajili ya joto hilo lililowekwa mchana. Ukiona radi inacheza upande wa visiwani usiku usitie mtumbwi.

Mwanaigombe

Wakuu sina cha kuwalipa. Kaka Taa_ya_Dagaa mjomba wangu alipotea usiku wa namna hiyo, sikuwahi kujua kama yanahusiana na haya ninayosoma.

Nilikaa kimya siku tatu kwa sababu nilitaka nijaribu mwenyewe kwa mikono. Niliazima themometa kwa rafiki yangu anayefanya kazi duka la dawa za mifugo, na mizani ninayo ya hapa mwaloni. Kwanza nilichukua lile jiwe la mizani la nusu kilo, la chuma cheusi, nikalichemsha kwenye sufuria dakika kumi na tano, themometa ilisoma 96 kama Fundi_Hita alivyosema, nikalitoa kwa koleo nikalifuta haraka na kitambaa nikalitumbukiza kwenye jagi la plastiki lenye maji lita moja ya nyuzi 25, jagi nimelizungushia kitenge cha mama. Kwa hesabu nilitegemea 28.7. Ilisimama 28 na nusu! Nilipiga kelele.

Alafu nikawaza, kama hesabu inakubali kwa chuma ninachokijua c yake, si naweza kuigeuza nitafute c ya kitu nisichokijua? Nikaokota jiwe la hapa hapa kando ya ziwa, nikalipima gramu 600, nikalichemsha vile vile, nikalitia kwenye lita moja ya nyuzi 25. Maji yalifika 32. Kwa hiyo maji yamepokea 1 × 4,200 × 7, juli 29,400. Jiwe limeshuka kutoka 96 mpaka 32, nyuzi 64. c ni 29,400 gawa kwa 0.6 mara 64, ambayo ni 38.4. Nimepata 766.

Jabali umesema jiwe ni kama 800. Hii 766 nimekosea au ndo yenyewe?

Jabali_la_Sengerema

Kijana kwa themometa ya kuazima na jagi la plastiki hiyo ni kazi safi sana. Kwenye majedwali granaiti utaikuta karibu na 790, na jiwe na jiwe hazifanani kabisa kabisa, inategemea madini yaliyomo. Kingine, hukuhesabu jagi, nalo limekunywa kidogo, kwa hiyo c yako halisi iko juu kidogo ya uliyopata. Tahadhari moja tu, mawe ya kando ya maji usiyaweke moja kwa moja kwenye moto wa kuni, yakiwa na maji kwenye nyufa yanaweza kupasuka yakakurukia usoni. Kwenye maji yanayochemka kama ulivyofanya ni salama.

Mwalimu_Nyakato

Nimesoma hii nikamwita mke wangu aje asome. Umefanya njia ya mchanganyiko yenyewe, ile tunayoifanya maabara kwa kalorimita, chombo cha kupimia joto.

Jambo moja la kuangalia. Themometa yako inasoma nyuzi moja moja, nusu unakadiria kwa jicho. Tuseme ile 32 ilikuwa kweli 32 na nusu. Piga tena, 4,200 × 7.5 gawa kwa 0.6 × 63.5, unapata 827. Nusu nyuzi tu ya jicho imekurusha kutoka 766 mpaka 827. Kwa hiyo usiseme jiwe la Igombe ni 766, sema liko kati ya mia saba na kitu na mia nane na kitu. Ukitaka kulibana zaidi fanya maji yapande nyuzi nyingi, tumia jiwe kubwa zaidi au maji machache, nusu lita badala ya lita, ila jiwe lifunikwe lote. Na rudia mara tatu uchukue wastani. Je, kutoka kwenye sufuria mpaka kwenye jagi ulitumia sekunde ngapi?

Mwanaigombe

Kama sekunde tano mwalimu, pamoja na kufuta. Sikuwaza kama ni muhimu.

Nimepiga hesabu ya nusu lita kabla sijafanya, nikitumia 800 ya Jabali maji yanatakiwa kufika nyuzi 38 na pointi, hapo nusu nyuzi haitaniyumbisha sana. Leo usiku narudia mara tatu, jagi nimelisogeza karibu na sufuria ili jiwe lisipoe njiani, na maji ya kutosha nimeshateka nimeyaweka kivulini yatulie kwenye jotoridi moja. Mdogo wangu atashika saa. Majibu nitayaweka hapa kesho nikitoka kuanika.